Aliyebaki na Watoto

Orodha ya wahusika ilibandikwa kwenye mlango wa bwalo asubuhi ya Jumatatu, na jina lake lilikuwa karibu na mwisho. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sanaa za maonyesho katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam, alikuwa amejiandaa wiki nzima kuwa Nora. Alikariri maneno kwenye foleni ya maji, kwenye daladala, hata kitandani taa zikishazimwa. Akapewa Anne-Marie, yaya. Maneno yote ya Anne-Marie katika tamthilia ile ya Henrik Ibsen hayajazi kurasa mbili za daftari.

Mwongozaji alimpoza kwa kauli ambayo kila mwongozaji anayo mfukoni, kwamba jukwaani hakuna nafasi ndogo. Hakumwamini. Na Nora alipewa nani? Rafiki yake wa chumba kimoja, aliyelala kitanda cha juu, na ambaye kwa wiki sita zilizofuata alisema maneno ya Nora hata usingizini.

Tamthilia waliitafsiri wenyewe kutoka Kiingereza, wakagombania kila neno. Helmer, mume wa Nora, humwita mkewe kwa majina ya viumbe wadogo: ndege aimbaye, kindi. Sasa "kindi wangu" ni mahaba au ni tusi? Mwanafunzi mmoja wa Tanga alisema kwao mume akithubutu kumwita mkewe kindi atalala barazani. Likapita "kidege changu", na kila lilipotamkwa mazoezini mtu mmoja aliangua kicheko. Huenda kicheko kile kilikuwa na haki yake.

Nyumba ya Mwanasesere ilichapishwa Copenhagen tarehe 4 Desemba 1879, ikapanda jukwaani katika Ukumbi wa Kifalme wa mji huohuo tarehe 21. Kisa chake kinajulikana, ila kina tarehe moja ambayo wengi huipita bila kuitazama. Nora alikopa spesidaler 1,200 ili ampeleke mumewe mgonjwa Italia akapate nafuu. Mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume, na mume hakutakiwa kujua jinsi alivyo taabani. Ikahitajika sahihi ya baba yake Nora kama mdhamini, na Nora akaitia mwenyewe. Baba alifariki tarehe 29 Septemba; sahihi ina tarehe 2 Oktoba. Marehemu ana siku tatu na bado anadhamini mikopo! Aliyeiona kasoro hiyo ni Krogstad, mkopeshaji, ambaye naye aliwahi kughushi, kwa hiyo anajua pa kutupa jicho.

Siri ikifichuka, mume analilia jina lake. Hatari ikipita, anamsamehe mkewe kwa bashasha, kama mtu anayemsamehe mtoto aliyevunja kikombe. Nora anavua maleba ya dansi, anavaa nguo zake za kila siku, anamketisha mume mezani, na kwa mara ya kwanza katika miaka 8 ya ndoa wanazungumza. Anarudisha pete. Anatoka. Kutoka chini unasikika mlango ukibamizwa.

Mlango huo uliitikisa Ulaya. Huko Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, mwigizaji mwenye jina, aligoma kuucheza mwisho huo: yeye asingewaacha watoto wake, kwa hiyo Nora naye asiwaache. Haki za mwandishi kutoka Skandinavia hazikulindwa huko, na yeyote angeweza kumbadilishia kazi yake. Ibsen akaona afadhali aiharibu kwa mkono wake. Mwaka 1880 akaandika mwisho mwingine, ambamo Helmer anamvuta Nora hadi mlangoni mwa chumba cha watoto, naye akiwaona waliolala magoti yanamwisha nguvu. Mwenyewe aliuita mwisho ule ushenzi.

Kulikuwa pia na Nora wa kweli. Laura Kieler, mwandishi aliyefahamiana na nyumba ya akina Ibsen, alikopa kwa siri ili kumponya mumewe aliyeugua kifua kikuu. Mambo yalipomshinda akaghushi. Mume alipojua alimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kumtenga na watoto wake. Baadaye alirudi nyumbani. Katika maisha yake hakuna mlango uliobamizwa, na alichukizwa na kutambuliwa na watu kama Nora.

Wanafalsafa walikuwa wameshalima shamba hilo. Mwaka 1843 Søren Kierkegaard alimsimamisha mtu mmoja, peke yake, mbele ya uchaguzi ambao jamaa na kanisa hawawezi kumfanyia. John Stuart Mill alitoa kitabu chake juu ya uhuru mwaka 1859, na mwaka 1869 kingine juu ya kukandamizwa kwa wanawake, ambacho Georg Brandes alikitafsiri kwa Kidenishi mwaka huohuo. Kwa hiyo Nora anapomwambia mumewe kwamba kabla ya kuwa mke na mama yeye ni mtu, msomaji wa Copenhagen alikuwa na kitabu rafuni cha kumpimia.

Hayo yote aliyasoma baadaye. Kwanza lilikuja boksi.

Mwanzoni mwa tendo la pili Anne-Marie anaingia amebeba sanduku la maleba ya dansi. Mazoezini lilikuwa boksi la sabuni za mche, bado linanuka, na ndani yake kanga mbili na shela la arusi la dada wa mtu. Nora, ambaye ameshaanza kuwaza kuondoka, anamuuliza yaya: uliwezaje kumtoa mwanao ukampa watu baki? Anne-Marie anajibu kama mtu anayeulizwa bei ya nyanya. Ilimbidi, ndipo aje kumnyonyesha Nora aliyekuwa mchanga. Msichana maskini aliyeharibikiwa angeipata wapi kazi nzuri kama ile? Na binti yake hakumsahau hata kidogo: alimwandikia alipopata kipaimara, akamwandikia tena alipoolewa.

Barua mbili.

Mwigizaji aliyekuwa amenuna wiki nzima alisimama na boksi mkononi, mstari uliofuata umemtoka. Mwongozaji akaugonga mguu wa kiti, mara moja, mara mbili. Alikuwa amemkumbuka dada.

Dar es Salaam msichana wa kazi huitwa dada, na neno hilo lina hila, kwa maana dada hapangiwi zamu wala hahesabiwi saa. Huyu alitoka mkoani, akakaa nao tangu mtoto wa nyumba, mwigizaji wa baadaye, ana miaka 5 hadi 7. Walilala chumba kimoja, mtoto kitandani, dada kwenye mkeka. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa plastiki ulioingia nyufa, na ndani mna noti chache zilizokunjwa ndogo kama hirizi, na picha ya pasipoti ya mtoto wa kike aliyeikunjia kamera uso.

"Huyu nani?"

"Mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Kwa bibi yake."

Mtoto wa nyumba akaona jibu limetosha. Akaomba hadithi ya sungura.

Noti zilikuwa chache kwa sababu mshahara wenyewe ulikaa kwa mama mwenye nyumba, "usije ukapotea". Ilikuwa kawaida wakati ule, na bado ipo katika nyumba nyingi za watu waungwana.

Baada ya mazoezi yale alimfuata mhadhiri wake na swali moja: Anne-Marie naye yuko huru? Mhadhiri alivua miwani, akaifuta, akampa bunda la fotokopi za Jean-Paul Sartre, ambalo lilikuwa limepita mikono mingi hadi pembe zikawa za kahawia.

Mwaka 1943, Paris ikiwa chini ya Wajerumani, Sartre alichapisha kitabu chake kinene juu ya kuwapo na utupu, na mwezi Juni tamthilia yake Nzi ikachezwa katika ukumbi uliokuwa na jina la Sarah Bernhardt kabla jina hilo halijafutwa kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Mji wa Argos umejaa nzi na toba. Mfalme Egisthe alimuua aliyemtangulia, akawafundisha raia wake kuvaa nyeusi na kulia kana kwamba wao ndio walioua. Oreste, mwana wa aliyeuawa, anarudi, anamuua mfalme, anamuua hata mama yake mzazi, kisha anakataa kujuta. Dada yake Electre anashindwa, anakimbilia kwa mungu Jupiter. Oreste anatoka mjini na nzi wote wakimfuata nyuma. Watazamaji waliokuwa wakiambiwa kila siku na serikali ya Vichy kwamba kushindwa kwa Ufaransa ni adhabu ya dhambi zao hawakuhitaji mkalimani.

Kwa Sartre uhuru si ruhusa ya kufanya utakalo. Ni mzigo ambao mtu hana pa kuutua: hata asiyechagua amechagua, na hata mfungwa ndiye anayeamua kifungo chake kina maana gani. Maneno haya yana utamu wake kwa mtu wa miaka 21. Alitembea nayo siku mbili, kichwa juu. Siku ya tatu akajaribu kumvika Anne-Marie, yakampwaya.

Si yeye wa kwanza kuona hivyo. Simone de Beauvoir, mwenzake Sartre, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi walivyobishana mwaka 1940. Mwanamke aliyefungiwa katika nyumba ya masuria, aliuliza, ana njia gani ya kuivuka hali yake? Sartre alishikilia kwamba hata humo ipo namna ya kuishi kwa uhuru. De Beauvoir alikubali kwa shingo upande, na baadaye akaandika kwamba hoja yake ndiyo iliyokuwa na uzito.

Kwa msomaji wa pwani nyumba hiyo si ya kukisia. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na bwana wake akafidiwa. Masuria wakaachwa nje. Walihesabiwa kana kwamba ni wake wa nyumbani, na njia za kutokea zikawa finyu, kuthibitisha ukatili ikiwa mojawapo. Wakangoja hadi 1909. Kwa miaka 12 mpagazi, mchuma karafuu na mpishi waliweza kwenda kuandikwa huru, na mwanamke aliyelala ndani ya nyumba hiyohiyo akabaki na hoja ya Sartre peke yake. Kiswahili hakijasahau: kabla uhuru haujawa bendera na gwaride, huru alikuwa mtu mmoja aliyetoka utumwani, hati yake mkononi.

De Beauvoir aliipeleka hoja yake jukwaani mara moja tu, mwaka 1945, katika tamthilia juu ya mji wa Vaucelles uliozingirwa na adui. Wanaume wa mji huo wameshajikomboa kutoka kwa mtawala wao, wana baraza lao, wanajenga mnara. Chakula kinapokaribia kwisha baraza linaamua kuwatoa nje ya kuta wanawake, watoto na wazee, midomo isiyozalisha. Kama tamthilia ina hotuba nyingi mno. Lakini ule mkutano wa wanaume huru wakipiga hesabu ya magunia ya nafaka, mtu akiusoma mara moja hausahau.

Tamthilia ya Kiswahili nayo ina Nora wake, ingawa kwake mlango ni wa chumba cha maiti. Ebrahim Hussein alichapisha Kwenye Ukingo wa Thim mwaka 1988, muda mfupi baada ya kesi iliyoigawa Kenya na ambayo ndiyo chimbuko lake. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu aliyewahi kuwa katika Mau Mau, alitaka kumzika shambani kwao karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukamtaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Upande wa mjane ulidai kwamba marehemu alikuwa mtu wa kisasa aliyejichagulia maisha. Mahakama ikaona Mjaluo hajitoi katika mila kwa kuishi mjini na kupenda Shakespeare. Mwili ulikaa miezi mitano, ukazikwa Siaya tarehe 23 Mei 1987, mjane hayupo. Mwaka 2003, akiwa na miaka 67, Wambui aliolewa na kijana mdogo kwake kwa takriban miaka 40, na nchi ikaanza upya kumjadili mwanamke ambaye ilidhani imekwisha kumhukumu.

Lakini aliyemfaa zaidi mwigizaji wa Anne-Marie alikuwa Lu Xun, na alimpata kwa bahati, katika kitabu kisicho na jalada kwenye meza ya vitabu vikuukuu. Tarehe 26 Desemba 1923 mwandishi huyo wa China alizungumza na wanafunzi wa chuo cha ualimu cha wasichana Beijing. Nora alikuwa kipenzi chao. Mada yake: nini kinampata Nora baada ya kutoka? Angeweza kuwashangilia, ukumbi ukapiga makofi, akaenda zake. Badala yake aliwaambia kwamba Nora huenda ana njia mbili tu, kuharibika au kurudi, na ya tatu ni njaa. Ametoka na moyo ulioamka, lakini moyo hauliwi, na shali, hata iwe pana vipi, haimlindi. Anahitaji kitu mkobani. Lu Xun alijua kuwa wanaojiona waungwana watalidharau neno fedha, akalisema hata hivyo.

Kwa jicho hilo, yaya na bibi yake wanageuka. Nora anatoka bila senti ya mumewe, anakataa hata kutumiwa msaada. Anne-Marie ndiye mwenye mshahara. Alikuwa ametoka nyumbani kwake na kumwacha mtoto miaka mingi kabla Nora hajawaza kufanya hivyo, na hakuna aliyemwandikia tamthilia. Tena Nora anaweza kuondoka kwa sababu yaya yupo; anasema waziwazi kwamba watoto wako katika mikono bora kuliko yake. Je, hilo linamfanya Nora mwongo? Mwandishi wa kumbukumbu hizi hajawahi kufika huko. Nora alikuwa na haki ya kutoka, na mwisho wa Kijerumani unabaki kuwa uchafu. Ila kila anapoiona tamthilia ile macho yake hukataa kwenda mlangoni.

Leo wako wanawake kutoka Tanzania, Kenya na Uganda wanaolea watoto wa watu Muscat na Riyadh, kwa mikataba ambayo mara nyingi humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Hawangoji barua mbili. Watoto wao huwatumia ujumbe wa sauti kila usiku kwa WhatsApp: mama nimepata tisini ya hisabati, mama bibi anaumwa mguu. Pengine ndiyo kali zaidi.

Usiku wa onyesho bwalo lilijaa hadi madirishani. Halikuwa na mlango unaofaa kubamizwa, pazia tu, kwa hiyo walitegemea geti la bati nyuma ya jiko. Mlinzi, asiyejua habari za Ibsen, alikuwa amelifunga kwa kufuli tangu saa moja. Nora alitoka, kimya kikatanda, kikazidi. Kijana wa vifaa akashika kilichokuwa karibu, sinia la kugawia wali, akalipiga ukutani. Ukumbi mzima ukacheka. Nora alikuwa nje gizani, kati ya mapipa ya takataka, analia kwa hasira.

Yaya alikuwa nyuma ya pazia, kwenye kigoda. Mapajani mwake alilala binti wa mpishi wa bwalo, mwenye miaka 4, aliyeazimwa kuwa mmoja wa watoto watatu wa Nora na ambaye usingizi ulikuwa umemchukua tangu tendo la pili. Mate ya mtoto yalikuwa yamelowesha maleba begani, doa la ukubwa wa kiganja, la uvuguvugu. Taa zikawaka, waigizaji wakaitwa kuinama mbele ya watu. Anne-Marie hakwenda. Angemweka wapi mtoto?

Dada aliondoka alfajiri ya Jumapili moja, bila kuaga. Geti la nyumba ile lilikuwa maarufu mtaa mzima kwa kulia. Asubuhi hiyo hakuna aliyelisikia. Baba alipokwenda kulitazama alikuta bawaba zote mbili zimepakwa mafuta ya kupikia. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Kopo halikuwepo. Mezani kulikuwa na chupa ya uji, bado wa moto, na kikombe cha mtoto kimefunikwa kwa kisahani ili nzi wasitue.

Mama alifungua droo akahesabu vijiko. Vilikuwa 11. Kufika adhuhuri majirani watatu walishajua kwamba msichana yule alikuwa mwizi, na mtoto wa nyumba, aliyekuwa amelia hadi akapata kwikwi, alilirudia neno hilo kwa nguvu kuliko wote. Mshahara wa miezi iliyobaki, uliokuwa kwenye pochi ya mama usije ukapotea, haukutajwa.

Kijiko cha 12 kilionekana mwaka uliofuata, kabati la vyombo liliposogezwa ili ukuta upakwe chokaa. Mama alikiokota, akakiosha kwa majivu, akakiweka na vingine, akafunga droo.